Machale Yakicheza: Namna ya Kujua Hisia ya Kuaminiwa

Machale ni uamuzi unaofika kabla ya sababu zake. Mtu anaona, anasikia au anashika kitu, na papo hapo ndani yake pana jibu: hapa pana kasoro, huyu asikabidhiwe mzigo, safari hii iahirishwe. Akiulizwa kwa nini, hana la kueleza zaidi ya kusema roho imekataa. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa ufunuo, na wapo wanaolipuuza kuwa ni woga tu. Maelezo ya wanasaikolojia ni mepesi kuliko hayo yote mawili. Machale ni kumbukumbu inayofanya kazi kimyakimya. Ubongo umekutana na hali zinazofanana mara nyingi, umehifadhi mfanano wake, na dalili zikijitokeza tena unatoa jibu bila kungoja maneno.

Ushahidi wa mwanzo ulitokana na mchezo wa chesi. Mwanasaikolojia Mholanzi Adriaan de Groot aliwaonyesha mabingwa ubao wenye mchezo unaoendelea kwa sekunde chache tu, kisha akaufunika. Mabingwa walitaja karibu kete zote na mahali zilipokuwa. Wachezaji wa kawaida waliambulia chache. Mwaka 1973 Wamarekani William Chase na Herbert Simon walirudia jaribio hilo na kuongeza jambo moja: kete zilipangwa ovyo, bila mchezo wowote. Hapo ubora wa mabingwa ukapotea karibu wote. Hawakuwa na akili ya ajabu ya kukumbuka. Walikuwa wameishi na mipangilio ya mchezo kwa miaka hadi wakaitambua kwa jicho moja. Simon, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alihitimisha kwamba kinachoitwa hisia ya ghafla ni utambuzi tu, wala si kitu cha ziada.

Tunduma ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili likifanya kazi. Mji huo uko mpakani mwa Tanzania na Zambia, katika mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Barabara kuu ya Tanzania na Zambia inapita hapo, reli ya TAZARA inapita hapo, na malori yaliyobeba shaba ya Zambia na ya Kongo hupanga foleni kuelekea bandari ya Dar es Salaam. Ng'ambo ni Nakonde, ambako saa ya ukutani iko nyuma kwa saa nzima. Tangu Oktoba 2019, Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani kilipozinduliwa rasmi na marais wa nchi hizo mbili, magari yanakaguliwa upande mmoja badala ya pande mbili. Hata hivyo, shughuli za watu zimebaki zilezile: shilingi na kwacha, bei za leo, wateja wasiojulikana, na maamuzi mengi ya haraka kabla ya mchana.

Noti ni mfano wa karibu kabisa. Mwenye duka la jumla anapokea bunda la noti za elfu kumi na kulihesabu kwa kidole gumba huku akiongea na mteja mwingine. Ghafla kidole kinasimama. Hajatafuta alama yoyote ya usalama, na pengine hakuwa hata anatazama. Lakini noti halali ina mkwaruzo wake, michoro yake imeinuka kidogo, na ikikunjwa hutoa mlio mkavu. Kidole kilichopitia maelfu ya noti halali kimezoea mguso huo kiasi kwamba kinashtushwa na kitu chochote kilicho laini kupita kawaida. Baada ya kusimama ndipo anapoiinua noti kwenye mwanga, anatafuta sura ya Mwalimu Nyerere iliyojificha ndani ya karatasi, anaigeuza kuona kama uzi wake unabadilika. Mpangilio huo una maana kubwa. Kidole kimetilia shaka, jicho limethibitisha. Mfanyabiashara mzuri hamkatalii mteja kwa mguso peke yake, wala haupuuzi mguso kwa sababu tu mteja ana haraka.

Ujuzi wa namna hiyo umejaa pia mashambani. Mbozi, katika mkoa huohuo wa Songwe, ni wilaya ya kahawa, na wakulima wake wengi wanaimenya na kuivundika wenyewe au kwenye mitambo ya vikundi. Punje zikishamenywa hubaki na ulenda unaoteleza, nao hulainika kwa kuvundikwa kabla ya kuoshwa. Muda wake haufuati saa, kwa sababu baridi ya Juni na Julai huurefusha na joto huufupisha. Mkulima mzoefu anachota konzi moja, anaisuuza, anaisugua viganjani na kusikiliza. Punje zikiteleza, bado. Zikikwaruza na kutoa sauti ya changarawe, muda umefika, na akichelewa kahawa itachukua harufu ya uchachu ambayo mwonjaji ataibaini kwenye kikombe. Mgeni akiambiwa asugue konzi hiyohiyo hatasikia chochote cha maana. Mikono yake haijawahi kulipia kosa.

Kulipia kosa ndiko kunakotenganisha machale ya kweli na ya kudhani. Wanasaikolojia wawili waliobishana kwa miaka juu ya suala hili walifikia mwafaka hapo. Gary Klein, Mmarekani, alikuwa amefanya kazi na wazima moto, wauguzi na wanajeshi, na aliwaamini wazoefu. Kisa kinachohusishwa naye zaidi ni cha kamanda wa zima moto aliyeingia na kikosi chake katika nyumba iliyoungua upande wa jiko. Maji yalipigwa, moto haukupungua. Chumba kilikuwa na joto kali kuliko moto ule ulivyoonekana, na ulikuwa kimya kuliko kawaida. Kamanda akaamuru wote watoke bila kujua kwa nini, na muda mfupi baadaye sakafu ikaporomoka: moto mkubwa ulikuwa chini ya ardhi, chini ya miguu yao. Mwenyewe aliamini amejaliwa kipaji cha kuona yasiyoonekana. Klein, baada ya kumhoji kwa kina, aliona kwamba mambo matatu hayakulingana na mioto mingi aliyowahi kuizima, na mwili wake uliupokea mgongano huo kabla ya akili kuupa jina.

Daniel Kahneman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002 na kufariki Machi 2024, alikuwa upande wa pili. Yeye na mwenzake Amos Tversky walikuwa wameonyesha, jaribio baada ya jaribio, jinsi watu wanavyojiamini katika makosa. Mwaka 2009 Kahneman na Klein walichapisha makala ya pamoja iliyotaja masharti mawili. La kwanza, mazingira yawe na utaratibu, yaani dalili ileile iwe inatangulia matokeo yaleyale mara nyingi. La pili, mtu awe amepata nafasi ndefu ya kujifunza utaratibu huo, akifanya na kuona matokeo upesi. Masharti yote yakitimia, machale yana uzito. Likikosekana moja, hisia inaweza kuja na nguvu ileile na isiwe na maana yoyote. Jambo ambalo wote wawili walilisisitiza ni kwamba ukali wa hisia si kipimo cha ukweli wake. Hili ndilo gumu kulikubali, na bila shaka ndilo lenye faida kubwa zaidi kwa maisha ya kila siku.

Mfanyabiashara yuleyule wa Tunduma anabeba ushahidi wake. Asubuhi moja anaweza kupata machale mawili: noti hii ni bandia, na kwacha itapanda mwezi ujao. Yote mawili yanakuja na uhakika uleule kifuani. La kwanza limelelewa na maelfu ya noti, na kila kosa lilirudi siku hiyohiyo benki ilipoikataa noti. La pili halina mlezi. Kwacha huyumba kwa bei ya shaba katika masoko ya dunia, kwa madeni ya serikali, ambayo mwezi Novemba 2020 Zambia ilishindwa kuyahudumia, na kwa mvua, kama ulivyoonyesha ukame uliotangazwa kuwa janga la taifa mwezi Februari 2024. Hakuna kibanda cha mpakani kinachozisikia habari hizo kabla ya wengine. Mwenye duka aliyebahatisha mara mbili mfululizo atajiona ana mkono wa fedha, atanunua kwacha kwa mtaji wote, na mara ya tatu mtaji utakwenda na maji. Bei ya mahindi ina tabia hiyohiyo. Ubora wa mahindi gunia kwa gunia unatambulika kwa mkono na pua; bei ya mwezi ujao inategemea maamuzi ya serikali mbili ambazo zote zimewahi kuzuia mahindi kuvuka na kuyaruhusu tena.

Hata machale yaliyolelewa vizuri huchakaa mazingira yakibadilika. Tarehe 1 Januari 2013 Zambia iliondoa sifuri tatu kwenye fedha yake, na kwacha 1,000 za zamani zikawa kwacha 1. Waliozoea kupima bei za Nakonde kwa kusikia tu iliwabidi waanze upya, maana tarakimu zilizokuwa ndogo zimekuwa kubwa. Machi 31, 2025 nchi hiyo ikatoa familia mpya ya noti, zikiwemo za kwacha 200 na 500 ambazo hazikuwepo katika familia iliyotangulia. Kwa mpokeaji wa fedha, siku kama hiyo ujuzi wa vidole unashuka hadhi ghafla, na mzoefu wa miaka ishirini yuko karibu sawa na kijana wa juzi. Busara ya wakati huo ni kurudi kwenye macho, taa na maelekezo ya benki kuu, hadi vidole vijifunze tena.

Afya ina mfano mzito zaidi. Wazazi wengi wa Tanzania walikua wakijua kwamba homa ya mtoto ni malaria, na zamani dhana hiyo ilikuwa na sababu. Vipimo vya kitaifa vya watoto walio chini ya miaka mitano vilikuta takriban asilimia 18 wakiwa na vimelea mwaka 2008. Kufikia mwaka 2022 kiwango kilikuwa karibu asilimia 8, na maeneo ya baridi ya nyanda za juu yako chini zaidi. Mwili wa mzazi unaendelea kusema malaria, lakini dunia iliyoufundisha haipo tena. Ndiyo maana tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limesisitiza kipimo kwanza, dawa baadaye. Mtoto aliyepewa dawa ya malaria kwa kukisia, kumbe ana nimonia, anapoteza siku ambazo hawezi kuzirudisha.

Barabarani kuna mtego wa aina nyingine. Dereva wa lori la masafa anajua kwa pua breki zinapoanza kupata moto, na anajua kwa mgongo mzigo unapokuwa umehama. Ujuzi huo ni halali, kwa sababu gari humjibu kila kona. Lakini hisia kwamba mteremko wa Iwambi kwenda Mbalizi, mkoani Mbeya, unashukika kwa kasi bila tatizo haina msingi huo. Ajali kubwa hazitokei kila siku. Dereva aliyeshuka vibaya mara mia moja na kufika salama amefundishwa mara mia moja jambo la uongo. Usingizi ni hivyohivyo: unaharibu kwanza chombo kilekile ambacho kingemwambia kwamba amechoka. Palipo na hatari isiyotokea mara nyingi lakini ikitokea inaua, mazoea ni mwalimu mbaya, na sheria ya kushuka kwa gia nzito na kupumzika kwa saa zilizowekwa ina thamani kuliko ujasiri wa mzoefu yeyote.

Kuhusu mwili wenyewe, majaribio maarufu yalifanywa katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, na Antoine Bechara, Antonio Damasio na wenzao katika miaka ya 1990. Washiriki walichagua karata kutoka mafungu manne. Mafungu mawili yalitoa zawadi kubwa na hasara kubwa zaidi, mawili yalitoa kidogo lakini kwa faida mwishowe. Baada ya muda viganja vya watu vilianza kutoa jasho kidogo kila mkono ulipoelekea fungu baya, kabla wenyewe hawajaweza kueleza mchezo. Wagonjwa walioumia sehemu ya mbele ya ubongo hawakupata ishara hiyo, na waliendelea kupoteza. Watafiti wa baadaye walionyesha kwamba washiriki walijua zaidi ya ilivyodhaniwa, lakini jambo la msingi limesimama: hisia za mwili ni sehemu ya kufikiri. Tatizo ni kwamba mwili hausemi ishara imetoka wapi. Moyo hupiga kwa hatari, kwa tamaa, kwa aibu, kwa njaa na kwa chai kali ya rangi.

Matapeli wanalijua hilo vizuri. Ujumbe wa simu unaosema ile hela itumwe kwenye namba hii umewavuna Watanzania wengi kwa sababu moja: unamkuta mtu ambaye kweli alikuwa anatarajia kutuma hela, na unampa haraka. Haraka inaziba nafasi ambayo machale yangesemea. Hivyo msukumo wa kuamua sasa hivi, unapoletwa na mtu mwingine, wenyewe ni dalili ya kutosha ya kusimama na kupiga simu ya kuhakiki.

Mpango wa DECI ulionyesha ubaya huo kwa kiwango kikubwa. Ulianza mwaka 2007, ukakusanya fedha za Watanzania wengi kwa lugha ya kupanda na kuvuna mbegu, hadi serikali ilipousimamisha mwaka 2009. Viongozi wake walitiwa hatiani mwaka 2013. Waliojiunga hawakuwa wajinga. Walijaribu kwa kiasi kidogo, wakalipwa, wakaona jirani amelipwa, na hisia ya kuamini ikajengeka hasa kwa njia ambayo hisia nzuri hujengeka, yaani kwa kufanya na kuona matokeo. Matokeo yenyewe ndiyo yaliyokuwa ya kutengenezwa, kwa sababu fedha za waliofuata ndizo zilizowalipa waliotangulia. Palipo na mtu anayefaidika kwa kuilea hisia ya mwenzake, hisia hiyo haina ushahidi ndani yake hata ikidumu miaka miwili.

Sehemu hatari kuliko zote ni hukumu juu ya watu. Katika vijiji vya Songwe na mikoa jirani ya nyanda za juu kusini, viongozi wamepambana kwa miaka na wapiga ramli chonganishi, wakiwemo wanaojulikana kama lambalamba, wanaozunguka wakidai kuwafichua wachawi. Biashara yao inasimama juu ya machale ya kijiji. Mtoto amefariki, watu wana uchungu, na tayari kuna mzee au mama mjane ambaye watu hawajisikii vizuri wakimwona. Mpiga ramli anakuja kuipa hisia hiyo jina. Macho mekundu, ambayo kwa mama aliyepika miaka hamsini kwa kuni yana sababu iliyo wazi ya moshi, yanageuzwa kuwa ushahidi. Watu wamefukuzwa makwao, wamechomewa nyumba, wameuawa. Sheria ya Uchawi ya Tanzania inahesabu kumtaja mtu kuwa mchawi kuwa kosa.

Kwa mujibu wa masharti ya Kahneman na Klein, hisia ya aina hii inashindwa moja kwa moja. Hakuna matokeo yanayorudi kumwambia mtuhumu kwamba alikosea. Mtuhumiwa akikana, anaonekana mjanja, akinyamaza, amekiri, na msiba mwingine usipotokea baada ya yeye kuondoka, watu wanaona wameponywa. Hisia isiyoweza kamwe kukosolewa haiwezi pia kujifunza. Katika mji wa mpakani jambo hilohilo huonekana kwa sura ndogo kila siku, pale mgeni anapoonekana mwizi kwa lafudhi yake, au kijana wa Kinyamwanga anapohukumiwa kwa kabila lake kabla ya kufungua mdomo. Hofu ya asiyefahamika ni ya kweli kama hofu, lakini haisemi chochote juu ya aliyesimama mbele.

Hata hivyo, ipo hali ambayo machale yanastahili kusikilizwa hata kama hayajathibitika: yanaposema simama, na kusimama hakugharimu kitu kikubwa. Mwaka 2012 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa watoto 3,890 waliopelekwa kwa madaktari wa kawaida katika eneo la Flanders, Ubelgiji. Kati ya 3,369 ambao uchunguzi ulionyesha hawakuwa na ugonjwa mzito, 6 tu walikuja kulazwa kwa maambukizi makubwa. Pale daktari alipokuwa na hisia kwamba kuna kitu hakiko sawa, ingawa uchunguzi haukuonyesha, uwezekano wa ugonjwa mzito ulipanda mara nyingi. Na kimojawapo kilicholisha hisia ya daktari ni kauli ya mzazi kwamba ugonjwa wa safari hii si kama magonjwa mengine. Mama anayesema hivyo hana cheti cha udaktari, lakini amemwona mtoto huyo akila, akilala na kulia kila siku tangu kuzaliwa. Hakuna mwingine mwenye mafunzo marefu kiasi hicho juu ya mtoto huyo mmoja, na mhudumu wa zahanati anayemkatiza anapoteza habari ambayo kipimo chake hakina.

Njia hii haifanyi kazi kwa upande wa pili. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na kupoteza fahamu, hupelekwa kituo cha afya papo hapo, hata kama moyo wa kila mtu nyumbani umetulia. Machale yanaruhusiwa kuongeza tahadhari, hayaruhusiwi kuiondoa.

Basi mtu anajifunzaje? Kikwazo cha kwanza ni kumbukumbu. Mwaka 1975 Baruch Fischhoff na Ruth Beyth walichapisha jaribio ambamo watu walikuwa wamekadiria matokeo ya safari za Rais Nixon nchini China na Umoja wa Kisovieti za mwaka 1972 kabla hazijafanyika. Walipoulizwa baadaye walikuwa wamekadiria nini, walijikumbuka kuwa waliyatarajia yale yaliyotokea kuliko walivyoandika. Ndiyo ile kauli ya baada ya jambo, kwamba nilijua tu. Dawa yake ni daftari. Mwenye duka anaandika siku, alichohisi na alichoamua, kabla matokeo hayajajulikana: huyu nimempa mzigo kwa mkopo na roho imetulia, yule nimemnyima. Baada ya msimu mmoja anahesabu. Mara nyingi atagundua kwamba ana jicho zuri kwa jambo moja, tuseme wateja wa mkopo, na jicho baya kwa jingine, tuseme kuajiri. Daftari lina pengo lake: aliyenyimwa mkopo hajulikani kama angelipa. Kwa hiyo inafaa wakati mwingine kumpa kiasi kidogo yule aliyetiliwa shaka, ili shaka nayo ipimwe.

Kahneman alitoa njia nyingine alipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, katika jeshi la Israeli mwaka 1955. Wahojaji walikuwa wakiwapima askari wapya kwa hisia ya jumla, na matokeo yalikuwa mabaya. Aliwataka waulize mambo sita, moja moja, kila moja lipewe alama kabla ya kwenda linalofuata. Wahojaji walilalamika kwamba wamefanywa mashine. Akawaruhusu, mwishoni kabisa, wafumbe macho na kutoa hukumu yao ya jumla. Utabiri uliboreka, na hukumu hiyo ya mwisho ilikuwa nzuri sawa na jumla ya alama sita. Hisia ilifaa baada ya kulishwa mambo ya kweli. Anayetafuta mtu wa kumwachia fremu yake Tunduma anaweza kufanya vilevile: aulize alikofanya kazi mwanzo na kwa nini aliondoka, amhesabishe fedha, azungumze na aliyemdhamini, aone anavyofika kwa wakati siku tatu, aandike alama, na ndipo ajiulize roho inasemaje.

Kwa vitu vinavyopimika, njia bora ni kukisia kwanza na kupima baadaye. Wakulima wengi huuma punje ya mahindi kujua kama imekauka vya kuhifadhiwa. Wataalamu wa ugani hufundisha kipimo cha chupa: mahindi kiasi na chumvi kavu huwekwa katika chupa kavu, inatikiswa, na chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu unaozidi takriban asilimia 15. Ghala linahitaji yaliyo chini ya hapo. Kiwango cha kawaida ni asilimia 13.5. Anayeuma punje, akataja jibu kwa sauti, kisha akatikisa chupa, kila msimu anayanoa meno yake. Anayeuma tu ataendelea kukosea kwa namna ileile, na kuvu ndiye atakayemweleza, miezi mitatu baadaye.

Yanabaki maamuzi yanayokuja mara moja au mbili maishani: kununua kiwanja, kuoa au kuolewa, kuhama mji. Hapo hakuna aliye na mazoea ya kutosha, na hisia ya mtu inatokana na visa vya wengine alivyovisikia. Kinachosaidia ni kuazima uzoefu wa waliopitia. Mwenye kununua kiwanja Tunduma, hata kama muuzaji ana sura ya upole na eneo limempendeza, anaenda ofisi ya serikali ya mtaa, anawauliza majirani wa pande zote nne mpaka uko wapi, anafika idara ya ardhi ya halmashauri ya mji kuona kama eneo limepimwa na limeandikwa jina la nani, na analipa mbele ya mashahidi. Akimaliza yote hayo na bado roho inasita, ana haki ya kungoja wiki moja na kurudi eneo lile peke yake, bila dalali, kuuliza ni swali gani ambalo hakulipatia jibu.